Gesi ya Friji Haiishi: Kuijua na Kuitunza Mashine ya Nje

Kaskazi ikishaanza kuvuma na joto la Desemba likatua juu ya mji, simu yangu huita kwa sentensi ileile: "Fundi, njoo na gesi, friza haigandishi." Leo inatoka Shangani, hapa Mtwara, kesho Mikindani, keshokutwa Lindi mjini. Mwenye kupiga ameshapima ugonjwa mwenyewe na dawa ameshaichagua. Kwangu anataka mtungi tu.

Msimu uliopita alinipigia mama mmoja wa hapa Mtwara anayenunua pweza na changu kwa wavuvi na kuwauzia wenye hoteli. Ana chumba kidogo cha baridi nyuma ya nyumba, karibu na bahari kiasi kwamba maji yakijaa unayasikia ukiwa uani kwake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, na hakuzunguka. "Hii mara ya tatu tangu mfungo gesi inaisha. Mnatuwekea gesi gani isiyokaa?"

Ni swali la haki, na limeshamgharimu hela nyingi. Nimeona niliandikie jibu, maana si yeye peke yake anayeliuliza.

Neno moja, gesi tatu

Sisi wa kusini tuna sababu ya kulichanganya neno hili. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, hapa Mtwara, mwaka 1982. Tumeizungumza vijiweni, tumeisikia bungeni, na inazalisha umeme. Hiyo ni nishati: inachomwa, inakwisha, inachimbwa nyingine. Halafu ipo gesi ya kupikia, ambayo unainunua kwa kilo, unapika, na mtungi unakuwa mwepesi mpaka siku moja moto unazimika maharage yakiwa nusu. Basi mtu akiambiwa friji nayo ina gesi, akili yake inakwenda jikoni moja kwa moja: imetumika, imekwisha, nijazie.

Gesi ya friji haichomwi wala haitumiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, na ileile iliyotiwa siku ya kwanza ndiyo inayotakiwa kuwemo mpaka mashine inazeeka. Ikipungua, imevuja. Hakuna njia nyingine ya kupungua.

Kufua maji ya ngamani

Ili jambo hili likae kichwani, tuanze na mashua. Mashua ya mbao, hata ikikalafatiwa vizuri, maji hupenya kwenye maungio na kujikusanya ngamani, chini kabisa ya chombo. Baharia hukaa na kata yake akiyafua: anachota, anamwaga nje, anachota, anamwaga nje. Akiacha, chombo kinazama taratibu.

Chumba cha baridi ni mashua hiyo, na joto ndiyo maji yenyewe. Linapenya ukutani, linaingia kila mlango unapofunguliwa, na linakuja na samaki aliyetoka kwenye jua. Friji haitengenezi baridi. Inachofanya ni kulichota joto ndani na kulimwaga nje, na baridi ni kile kinachobaki baada ya joto kutolewa. Gesi ndiyo kata. Kata haipungui kwa kuchota maji. Ukiona haichoti tena, itazame vizuri, ina tundu.

Gesi inachotaje joto? Kwa namna ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, yanakauka nje ya mtungi, na katika kukauka kwake yanabeba joto la maji yaliyobaki ndani. Kitu cha majimaji kikigeuka mvuke, hufyonza joto. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Gesi inayoitwa R134a, iliyomo kwenye friji nyingi za dukani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika hewa ya kawaida. R404A, inayotumika sana kwenye vyumba vya kugandishia, ni kama nyuzi 46 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata ndani ya friza, penye baridi inayokuumiza vidole, kwa gesi hiyo ni kama kukaa juu ya mafiga: inachemka, na kuchemka kwake kunanyonya joto la samaki. Koili ambamo haya hutokea, ile iliyo ndani, inaitwa ivaporeta.

Hapo tumeshachota. Kazi ngumu ni kumwaga, kwa sababu nje kuna nyuzi 32 na joto halitoki penye baridi kwenda penye joto kwa hiari yake. Hapa ndipo kompresa inapoingia. Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ukashika mdomo wa pampu? Unaunguza. Hewa ikikandamizwa hupata joto. Kompresa inaivuta gesi kutoka ndani na kuikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, kisha inaisukuma kwenye koili ya pili, kondensa. Feni inapuliza hewa kupita kwenye koili hiyo, joto linaondoka na upepo, na gesi inarudi kuwa majimaji. Inapita kwenye tundu jembamba, presha inashuka ghafla, inapoa, inaingia tena ndani kuchota.

Kompresa, kondensa, feni, tangi la kuhifadhia gesi ikiwa majimaji, chujio linaloitwa draya, swichi za presha na kontakta inayowasha mota, vyote vikifungwa kwenye fremu moja na kuwekwa nje ya chumba, huitwa mtambo wa kondensa. Mtaani tunauita mashine ya nje, nami nitauita hivyo.

Adui wa kwanza hana harufu ya gesi

Sasa turudi uani kwa yule mama. Mashine yake ya nje niliikuta imefunikwa viroba viwili vya saruji, na juu yake kuna makreti ya soda. Alifanya hivyo kwa nia njema: ailinde na chumvi na wezi. Nilipoondoa viroba nikaweka kiganja mbele ya feni. Feni inazunguka, upepo hautoki.

Kondensa imetengenezwa kwa bomba la shaba lililopitishwa katikati ya vibati vya alumini, vyembamba kama karatasi, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Hewa inatakiwa ipite kati ya kurasa. Kwake kurasa zilikuwa zimegandamana. Nilipopitisha brashi laini kulianguka vumbi lililoshikana na mafuta, magamba ya samaki yaliyokauka, manyoya ya kuku, na chini kabisa unga mweupe. Ule unga ndio ulionisikitisha, kwa sababu ulikuwa alumini yenyewe. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hushika unyevu, na shaba na alumini zikigusana kwenye maji ya chumvi hufanya kama betri ndogo ambayo inakula alumini. Mashine iliyofungwa Masasi au Newala, mbali na bahari, itaishi miaka ambayo mashine ya Mikindani au Kilwa Masoko haitaiona, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Ukinunua mpya ya kufunga pwani, uliza kama koili yake imepakwa rangi ya kinga.

Kondensa ikiziba, joto halimwagiki. Presha inapanda, kompresa inasukuma mzigo mzito zaidi, na umeme unaliwa. Makadirio ya kawaida katika kazi hii ni kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye kondensa inaongeza matumizi ya umeme kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Kondensa iliyopaswa kuwa na nyuzi 45 ikifika 55, unaweza kulipa robo zaidi kwa barafu ileile. Na mwenye friza anaona nini? Anaona haigandishi vizuri na uniti za luku zinakimbia. Anasema gesi imeisha. Fundi mwenye haraka anakuja, anaongeza gesi, presha iliyokuwa juu inapanda tena. Ndiyo maana sipendi kabisa kauli ya "ongeza kidogo tu". Gesi nyingi si baridi nyingi. Ikizidi, majimaji yanajaa kwenye kondensa na kuchukua nafasi ya kupozea, na yakirudi kwenye kompresa kabla hayajachemka yanaweza kuvunja vali zake, kwa sababu kompresa imeundwa kukandamiza mvuke, haiwezi kukandamiza majimaji.

Nusu ya simu ninazopigiwa za "gesi imeisha" zinamalizika kwa brashi na ndoo ya maji. Nasema hivi nikijua ninapunguza mauzo ya gesi, ikiwemo yangu.

Kuosha, kwa utaratibu wake

Kazi hii mwenye mali anaiweza mwenyewe. Kwa aliye karibu na bahari ningesema kila mwezi, na kaskazi ikikolea asipitishe. Aliye bara zaidi, kila miezi mitatu inatosha, ila kama yupo kando ya barabara ya vumbi au jirani na ghala la korosho achungulie mapema.

Zima umeme kwenye swichi kuu ya mashine. Usizime kwenye themostati: themostati inazima kompresa tu, nyaya bado zina umeme, nawe una ndoo mkononi. Subiri feni isimame kabisa. Funika kisanduku cha nyaya kwa nailoni. Piga brashi laini kufuata mstari wa vibati, juu kwenda chini, usikatishe, maana vinapinda kwa kuguswa tu na vikipinda hewa haipiti. Kisha mwaga maji kutoka upande wa feni kuelekea nje, kinyume cha njia iliyopitishia uchafu. Ukimwagia kutoka nje, unausindikiza ndani. Maji ya nguvu, yale ya kuoshea magari, hapana. Sabuni laini ya maji inaruhusiwa; asidi na dawa kali za kusafishia vyoo zinaitafuna alumini kuliko chumvi yenyewe.

Na maji yawe matamu. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina chumvi, na nimeona watu wakiosha mashine kila Jumamosi kwa maji ya kisima cha namna hiyo wakidhani wanaitunza. Yaonje kwanza.

Kuhusu kufunika: kivuli ni kizuri, wavu wa chuma dhidi ya wezi ni sawa, lakini hewa iwe na njia ya kuingia na njia ya kutoka. Kama hewa ya moto inayotoka inagonga ukuta na kurudi ilikotoka, mashine inapumua pumzi yake yenyewe.

Vya kumwachia fundi

Yaliyobaki yanahitaji vifaa na mtu aliyefundishwa, awe amepita chuo cha ufundi cha VETA au amekaa miaka chini ya fundi anayejua. Kila miezi mitatu au minne si mara nyingi kwa mashine inayobeba mtaji wako. Atapima presha za pande zote mbili kwa geji, atapima umeme unaovutwa na kompresa na kuulinganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha maelezo cha kiwandani, atakaza maungio ya nyaya. Waya uliolegea hupata joto, rangi yake inageuka kahawia, na siku moja unaungua. Ataangalia kapasita, inayoisaidia mota kuanza, kama haijavimba, na kontakta kama haijaunguza midomo yake. Kwenye kontakta hukutwa mara nyingi sisimizi na mijusi waliokauka: wanafuata uvuguvugu, wananasa katikati, mashine haiwaki, na mwenye nyumba anahesabu kompresa imekufa.

Kisha atatafuta mafuta. Hili liangalie na wewe. Ndani ya mabomba gesi inatembea na mafuta kidogo ya kulainisha kompresa, kwa hiyo panapovuja gesi mafuta nayo hutokea. Ukiona kwenye bomba pana doa linalong'aa na limeshika vumbi kuliko sehemu nyingine, pakumbuke. Paka povu la sabuni hapo, tazama bila kupepesa.

Kwa yule mama doa lilikuwa chini ya kibanio kinachoshika bomba kwenye fremu. Mpira wa kibanio ulikuwa umekwisha, mtetemo wa kompresa ukawa unalisugua bomba la shaba kwenye chuma usiku na mchana, hadi likatoboka tundu lisiloonekana kwa macho. Povu lilikaa kama dakika nzima, halafu kikatokea kipovu kimoja, kikakua pole pole kama jicho la dagaa, kikapasuka, kikaja kingine. Nikamwita aje aone.

Akainama, akatazama kipovu cha tatu kikivimba. "Kumbe gesi yangu yote imepitia hapa?"

"Yote, mama. Mara tatu."

Kuziba tundu ndiyo sehemu fupi. Kwanza gesi iliyobaki inavutwa kwenye mtungi wa kuhifadhia; haiachiwi hewani. Bomba linachomelewa huku nitrojeni ikipita ndani taratibu ili kusijae masizi. Draya inabadilishwa kila mara mabomba yanapofunguliwa. Halafu mabomba yanajazwa nitrojeni kwa presha na kuachwa, kuona kama presha inashuka. Nitrojeni tu. Fundi akitaka kutumia oksijeni kwa sababu ndiyo aliyonayo, mzuie na ondoka eneo hilo: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka na kuua.

Baada ya hapo inafungwa pampu ya kunyonya hewa na unyevu. Wengi wanairuka hatua hii kwa kuwa inakula muda, na kwa hewa ya pwani ndipo haifai kabisa kurukwa. Unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye lile tundu jembamba na kuliziba, kisha unachanganyika na gesi na mafuta kufanya asidi inayokula kompresa polepole. Ya mwisho ni kujaza gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati. Kujaza kwa kusikiliza mlio au kushika bomba kama limepoa ni kubahatisha kwa hela ya mtu.

Ilichukua siku nzima. Ilikuwa ghali kuliko kujaziwa gesi mara moja, na nafuu kuliko kujaziwa mara tatu.

Gesi gani, na kwa nini bei inapanda

Mashine haikubali gesi yoyote. Kila moja ina presha zake na mafuta yake. Ukiweka R134a kwenye mashine ya zamani iliyoundwa kwa gesi ya R12 bila kubadili mafuta, mafuta hayarudi kwenye kompresa na inakufa kwa kukosa ulainisho. Soma kibati kabla mtungi haujafunguliwa. Na gesi ya friji inawaka moto? R22 ya mashine nyingi za zamani, R134a na R404A haziwaki katika mazingira ya kawaida. R600a, iliyomo kwenye friji nyingi mpya za nyumbani, inawaka, na kibati chake huwa na alama ya moto. Hata zile zisizowaka, zikipita kwenye mwali wa kuchomelea hutoa moshi wa sumu unaowasha pua na macho. Ukiusikia, toka nje.

R22 imekuwa ikiadimika, na si njama za wauza duka. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zinaipunguza kwa awamu: asilimia 10 kufikia mwaka 2015, asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 itabaki kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine za zamani. R404A haigusi ozoni, lakini kilo moja yake ikiachiwa angani inaongeza joto la dunia sawa na karibu kilo 3,900 za hewa ukaa, na ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanazipunguza gesi za jamii yake nazo. Kwa hiyo tundu dogo kama lile la uani linaharibu kwa pande mbili: mfuko wa mwenye samaki, na joto la bahari wanakoishi hao pweza.

Umeme ukirudi

Umeme ukikatika, usikimbilie kufungua friza kuangalia. Kila ukifungua unaingiza maji chomboni na mwenye kufua hayupo. Ukirudi, usiiruhusu mashine iwake papo hapo. Gesi upande mmoja bado ina presha kubwa, na kompresa inayolazimishwa kuanza na mzigo huo huvuta umeme mwingi kupita kiasi na kuunguza mota. Subiri dakika tano. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, yenye kuchelewesha inafanya hivyo yenyewe, na kwa mwenye chumba cha baridi naihesabu kuwa kifaa cha lazima, hasa umeme unapokatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa.

Nasikia pia ushauri wa kuzima friza usiku ili kuokoa umeme. Kwa soda zilizopoa unaweza. Kwa samaki waliogandishwa, ambao wanatakiwa wakae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, joto linaloingia usiku lazima litolewe asubuhi, na katikati yake nyama imeshalegea na kuanza kuharibika.

Fundi akikuambia gesi imepungua, muulize: imevujia wapi? Asipokuwa na mahali pa kukuonyesha kwa kidole, kazi bado haijaanza. Muulize ameweka kiasi gani kwa uzito, na uandike.

Yule mama nilimwachia daftari la shule, tukalichora safu pamoja: tarehe, presha ya juu, presha ya chini, umeme wa kompresa, imeoshwa au la, gesi iliyoongezwa. Nimepita kwake mara nne tangu siku hiyo. Viroba havipo, makreti yamehamia upande wa pili wa ua, na mwanawe ndiye anayeosha kila mwisho wa mwezi kwa maji ya bomba. Safu zote zimejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo mpaka leo ameichora mstari tu kila mara.